Maswali ya Wasomaji: Wayaringi Mpya Katika Ghorofa la Zamani

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Dodoma mjini katika nyumba ya vyumba viwili iliyo ghorofa ya pili ya jengo la mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyaya zake ni zile zile za tangu jengo lilipokabidhiwa. Soketi ya jikoni hunuka kila tunapochemsha maji, taa ya sebuleni hufifia friji inapowaka, na bodi ya fyuzi ni ya zile za kaure, ambazo fyuzi yake ni uzi wa waya unaofungwa kwa bisibisi. Nilifundisha Fizikia kwa miaka thelathini na moja, muda ninao na mikono bado ina nguvu. Fundi mmoja amenitajia bei ambayo kiinua mgongo changu hakiwezi kuihimili. Je, naruhusiwa kubadilisha wayaringi mwenyewe, na kama naruhusiwa, kanuni zinataka nitimize nini?
Mwalimu mstaafu, Dodoma mjini

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nianze na lile ambalo huenda hutalipenda, ili tukilimaliza tuendelee na kazi. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kufunga mfumo wa umeme ni shughuli inayohitaji leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mpaka wa kazi ambazo mwenye nayo anaruhusiwa kuzifanya. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba fulani ni fundi mzuri, bali mwombe akuonyeshe leseni yenyewe, uangalie daraja lake na tarehe ya kuisha. Miaka thelathini na moja ya Fizikia, kwa heshima zote, si mojawapo ya madaraja hayo.

Hata hivyo, ukiigawa kazi ya wayaringi vipande vipande utaona kwamba siku nyingi huishia kwenye nyundo na patasi, si kwenye umeme. Kupanga soketi zikae wapi, kuchimba mifereji ukutani, kulaza mabomba ya plastiki, kutega maboksi yakae sawa na plasta, kisha kuziba, kusawazisha na kupaka rangi, ni kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe chini ya makubaliano na fundi mwenye leseni, naye akabaki na yake: kukagua, kuunganisha, kupima na kutia sahihi. Makubaliano hayo yafanyike kabla hujapiga nyundo ya kwanza, maana fundi makini hatii sahihi kwenye bomba alilolikuta limeshafukiwa. Niliwahi kukataa kazi ya namna hiyo huko Nkuhungu na mwenye nyumba ameninunia mpaka leo. Alikuwa amepiga plasta maridadi mno juu ya nyaya ambazo hazikuwa na bomba lolote. Ukikubaliana na fundi wako, mwache aje mara tatu: mara ya kwanza kuidhinisha mchoro, ya pili kuona mabomba yakiwa bado wazi, na ya tatu kuunganisha na kupima. Hapo bei itashuka, kwa kuwa utakuwa unanunua ujuzi wake na sahihi yake, si jasho lake.

Kuna mipaka miwili zaidi. Mita ya LUKU, lakiri yake na waya unaoingia kwenye mita ni vya TANESCO, na hakuna sababu ya ukarabati inayokuruhusu wewe au fundi wako kuvigusa. Waya huo unabaki na umeme hata ukizima kila kitu ndani ya nyumba, kwa hiyo kama swichi kuu yenyewe inapaswa kubadilishwa, omba TANESCO waje wakate kwanza. Mpaka wa pili ni jengo. Nyaya kubwa zinazopanda kwenye ngazi ni za wakazi wote, na sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatofautisha kilicho chako na kilicho cha pamoja, hivyo zungumza na majirani au uongozi wa jengo kabla ya kuchimba ukuta mnaouchangia. Usilichukulie jambo hili kama adabu ya ujirani tu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa jikoni kwa mpangaji mmoja wa ghorofa. Alizima swichi kuu yake mbele ya macho yangu, lakini soketi moja ikaendelea kuwasha kipimo changu. Nusu siku ilipita kabla hatujagundua kwamba soketi hiyo ilikuwa inakula umeme wa jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiilaumu LUKU yake.

Kwa sababu hiyo, kuzima swichi usikuhesabu kuwa ni ushahidi. Tumia kipimo cha volti chenye ncha mbili. Kijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima pale unapotaka kushika, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), nyutro na ethi, halafu urudi tena kwenye umeme uhakikishe kwamba kipimo hakikufa katikati ya safari. Ile tesita ya bisibisi yenye kitaa kidogo iache kwa ajili ya kufungulia skrubu, kwa sababu kitaa chake hutegemea mkondo unaopita mwilini mwako, na ukiwa umesimama juu ya ngazi kavu ya mbao kinaweza kisiwake ilhali waya una volti 230. Bodi ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Mjukuu anayetaka kuangalia katuni hajui kwamba babu ana waya mkononi.

Sasa fungua hiyo soketi ya jikoni. Bila shaka utakuta waya mwekundu na waya mweusi, na pengine wa tatu wa kijani, pengine hakuna. Ukiukunja mwekundu karibu na skrubu, ganda lake litapukutika kama ganda la karanga iliyokaangwa, na ndani shaba itakuwa imegeuka nyeusi. Nyuma ya soketi plastiki itakuwa na doa la kahawia upande mmoja tu, kwenye skrubu iliyolegea. Wewe Fizikia unaijua kuliko mimi: birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta takriban ampea 8.7, na kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, kinazalisha karibu wati 38 za joto ndani ya kiboksi kisichozidi kiganja cha mkono. Harufu unayoisikia inatoka hapo. Hakuna fyuzi wala breka itakayoigundua, kwa kuwa mkondo wenyewe haujazidi. Taa inayofifia friji inapowaka inaniambia kwamba friji na taa ziko kwenye mstari mmoja, na kwamba mota ya friji, ambayo wakati wa kuanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, inapita kwenye viungo vya aina hiyo hiyo.

Kwenye ile bodi ya kaure angalia mambo mawili. Kwanza, kama uzi wa fyuzi ni uzi halisi au ni kipande cha waya ambacho mtu alikifunga usiku mmoja umeme ulipokatika, kisha akasahau. Pili, kama kuna fyuzi kwenye laivu na nyingine kwenye nyutro. Mtindo huo wa fyuzi mbili ulikuwa wa kawaida zamani, na ubaya wake ni kwamba fyuzi ya nyutro ikiungua, taa inazima na kila mtu anaamini hakuna umeme, kumbe holda bado ina laivu kamili. Bodi hiyo haina matengenezo, inatoka yote.

Kuhusu kanuni zenyewe, kipimo ambacho mafunzo ya wayaringi nchini yamekifuata kwa muda mrefu ni kanuni za Uingereza, ambazo leo zinajulikana kwa namba BS 7671, na vifaa unavyonunua viwe na alama ya ubora ya TBS. Kiini cha kanuni hizo ni sentensi moja: breka ipo kwa ajili ya kuulinda waya, si kifaa. Kwa hiyo unaanza na mzigo, mzigo unakupa waya, na waya unakupa breka. Anayeanza na breka kubwa ili isimsumbue kwa kudondoka ameigeuza hesabu kichwa chini miguu juu. Kwa nyumba kama yako, taa zitosheke na waya wa milimita za mraba 1.5 kwa breka ya ampea 6 au 10. Soketi ziwe na waya wa 2.5 kwa breka ya ampea 20. Mafundi wengine watakushauri mzunguko wa duara, ambao waya wa 2.5 unatoka kwenye bodi, unapita kwenye soketi zote na kurudi kwenye bodi, ukilindwa na breka ya ampea 32. Kanuni zinauruhusu, lakini mimi siushauri kwenye nyumba ambayo mwenyewe atakuwa akiifungua-fungua, kwa sababu duara likikatika mahali pamoja soketi zote zinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na waya wa 2.5 unabaki peke yake kubeba mzigo ambao ulipangiwa nyaya mbili.

Jiko ndilo litakalokusumbua, na hapa nikae kidogo. Jengo lako lilipochorwa, jikoni palitarajiwa mkaa, taa moja, na soketi moja ya pasi. Leo serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na jiko la umeme limeanza kuingia katika nyumba ambazo nyaya zake hazikuwahi kulifikiria. Chukua asubuhi moja ya kawaida: birika wati 2,000, jiko la sahani mbili wati 2,000, maikrowevu wati 1,200, na pasi ya mwanafunzi anayechelewa wati 1,000. Jumla ni wati 6,200, sawa na ampea 27. Mstari mmoja wa ampea 20 utadondoka, na hapo ndipo kishawishi cha kuweka breka ya 32 juu ya waya wa 2.5 kinapoanza. Weka mistari miwili ya soketi jikoni, na kama kuna uwezekano wa kuja kununua jiko kubwa la umeme lenye oveni, vuta sasa hivi waya wa 6 wenye breka yake ya ampea 32 mpaka mahali litakapokaa, hata kama kwa leo utaishia kwenye boksi lililofunikwa. Kuchimba ukuta mara ya pili ni aghali kuliko mita kumi za waya.

Bafuni msiwe na soketi. Swichi ya taa ikae nje ya mlango au iwe ya kuvuta kwa kamba. Kama una hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,500, hiyo inavuta karibu ampea 24 peke yake, kwa hiyo nayo ipewe waya wa 6 unaotoka moja kwa moja kwenye bodi, na swichi yake ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja iwe nje. Nimeona hita nyingi mno zilizoungwa kwenye soketi ya chumbani kwa plagi ya ampea 13, na plagi hizo hunitambulisha umri wao kwa rangi: njano, kahawia, kisha nyeusi.

Katika kuchimba, mfereji wa kushuka wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa tofali la milimita 150 ni milimita 50 na 25. Nguzo, mihimili na sakafu za zege usiziguse kabisa, kwani hizo ndizo zinazombeba jirani wa juu. Kila waya upande au ushuke wima kutoka kwenye soketi au swichi yake, usikatize ukuta kwa mshazari hata kama njia hiyo ni fupi, kwa sababu mtu atakayepigilia msumari wa picha miaka kumi ijayo atakuwa na kitu kimoja tu cha kumwongoza, nacho ni soketi anayoiona. Kila bomba libebe waya wa ethi, hata linalokwenda kwenye holda ya plastiki, maana holda hiyo inaweza kubadilishwa kesho kwa taa ya chuma. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa na futikamba ndani ya picha. Picha hizo ndizo ushahidi wa fundi wako, na ndizo ramani yako.

Rangi za nyaya zinataka tahadhari maalumu katika jengo la umri huo. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Utakazonunua leo kwa mpango mpya, ambao Uingereza iliuingiza mwaka 2004, ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Ndani ya nyumba yako hilo halina tatizo. Tatizo liko kwenye ngazi, ambako kuna umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu tofauti za laivu: katika rangi za zamani bluu ni mojawapo ya fezi na nyeusi ni nyutro, wakati katika rangi mpya bluu ni nyutro na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Rangi mbili hizo zimebadilishana kazi. Pale mfumo mpya unapokutana na wa zamani, bandika tangazo kwenye bodi, na asiwepo mtu wa kuunganisha kwa kuamini macho yake.

Bodi mpya iwe na kile kifaa ambacho mafundi wengi bado wanakiita ELCB, ingawa vinavyouzwa siku hizi ni vya aina ya RCD, yaani kinachokata umeme pale unapovuja kwenda ardhini, chenye uwezo wa kuhisi mvujo wa miliampea 30. Ukiweza, gawa mistari chini ya vifaa viwili au zaidi, ili hita ikivujisha umeme usiku, friji isizimike pamoja nayo na nyama ikaharibika. Kila breka iandikwe inachokilinda, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Siku ya mwisho fundi wako asiondoke kwa kuwasha taa na kusema mambo safi. Kabla umeme haujarudishwa, apime kwamba waya wa ethi haujakatika popote, kisha apime ganda la nyaya kwa kipimo cha volti 500, ambapo jibu linalokubalika ni kuanzia megaomu 1 kwenda juu. Hapo balbu ziwe zimetolewa na vifaa vyote vimechomolewa. Ahakikishe kwamba kila swichi inakata laivu, si nyutro. Umeme ukirudi, apime njia ya ethi, na apime kwamba RCD inakata ndani ya milisekunde 300, kwa mashine ya kupimia na si kwa kile kitufe cha kujaribia peke yake. Namba hizo aziandike kwenye karatasi, azitie sahihi pamoja na namba ya leseni yake, nawe ubaki na nakala. Ukiniuliza gharama yote umeilipia nini, ni karatasi hiyo.

SWALI: Katika nyumba niliyoinunua hapa Ipagala, fundi amechomeka ethi rodi ya mita 1.2 nyuma ya nyumba, akamwagia maji na chumvi, akasema kazi imekwisha. Jirani anasema udongo wa Dodoma haushiki ethi. Nani mkweli?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Jirani yako amelitia chumvi, lakini amekaribia ukweli kuliko fundi wako, ambaye chumvi ameitia ardhini. Udongo hupitisha umeme kwa msaada wa unyevu, na huku kwetu mvua zikiisha Aprili hazirudi mpaka karibu na Desemba. Rodi iliyopimwa Februari na rodi hiyo hiyo ikipimwa Oktoba ni kama rodi mbili tofauti.

Tufanye hesabu ya mfano. Katika udongo mkavu wenye ukinzani wa omu-mita 500, rodi ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16 itakuwa na ukinzani wa takriban omu 358. Tuseme waya wa laivu umegusa ganda la chuma la friji yako. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 358 zinatoa mkondo wa ampea 0.64. Breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo, na kwa kuwa karibu ukinzani wote wa njia hiyo uko kwenye udongo, ganda la friji litabaki na karibu volti 230 mpaka atakapokuja mtoto wa watu, miguu peku, kutafuta maji baridi. Ninyi mtakuwa na ethi rodi, na friji itakuwa inaua. Watu wengi huamini kwamba rodi ndiyo inayodondosha breka. Katika nchi kavu kama hii, kwa kawaida haiwezi.

Kinachookoa hapo ni ile RCD ya miliampea 30 niliyomweleza mwalimu hapo juu. Kwa omu 358, mvujo wa miliampea 30 unaweka kwenye ganda la friji volti zisizofika 11, na kifaa kinakata hapo hapo. Kwa hesabu tupu RCD hiyo ingeweza kufanya kazi hata rodi ikiwa na zaidi ya omu 1,600, lakini kanuni zinaonya kwamba ethi inayozidi omu 200 si ya kutegemewa, kwa kuwa hubadilika sana kadiri udongo unavyokauka. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, RCD na rodi bora.

Namna ya kuiboresha ni kwenda chini, kwenye unyevu usiokauka. Rodi mbili zikiunganishwa kwa kirefusho na kupigiliwa mpaka mita 2.4, katika udongo ule ule wa mfano wetu, ukinzani unashuka kutoka omu 358 hadi takriban 202, na huko chini udongo kwa kawaida una unyevu zaidi kuliko hesabu yangu ilivyodhani. Kama mwamba unazuia, na sehemu nyingi za mji huu zina mawe karibu na juu, pigilia rodi ya pili mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, uziunganishe. Chumvi iache. Inashusha ukinzani kwa msimu mmoja, mvua inaisomba, na wakati huo huo imeanza kuila rodi na kibano chake. Kibano nacho kisifukiwe bali kikae ndani ya kijishimo chenye kifuniko, ili kionekane na kiweze kupimwa, na apimaye afanye hivyo mwishoni mwa kiangazi, si siku ya pili baada ya mvua.

Usikubali pia mtu akuunganishie ethi kwenye bomba la maji. Zamani mabomba yalikuwa ya chuma na yalizama ardhini mbali, hivyo wapo waliofanya hivyo na ikafanya kazi. Siku kipande kimoja cha bomba hilo kinapobadilishwa kwa plastiki, ethi ya nyumba nzima inakuwa imeondoka bila mtu kujua, na bomba la kuogea linakuwa limeunganishwa na kila kifaa chenye hitilafu.

SWALI: Nimenunua roli mbili za waya wa 2.5 kwa bei nzuri sana sokoni. Kaka yangu anasema ni feki. Nitajuaje bila kuzipeleka maabara?
Msomaji, Singida

JIBU: Kwangua ncha kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba, na pia utaisikia kwa wepesi wa roli mkononi. Kisha pima unene kwa kipimo cha kalipa: waya wa 2.5 wenye uzi mmoja unapaswa kuwa na kipenyo cha karibu milimita 1.78, na wenye nyuzi saba kila uzi uwe na karibu 0.67. Ukipata 1.38, umeuziwa waya wa 1.5 uliovalishwa ganda nene. Mwenye kipimo kizuri cha omu anaweza pia kupima roli zima la mita 100 kutoka ncha hadi ncha. Shaba ya 2.5 inatoa takriban omu 0.74, na ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, kaka yako ana haki. Zirudishe kabla hujazikata, ukiwa na risiti, na usikubali kuzitumia kwenye taa eti kwa sababu mzigo wake ni mdogo: aluminiamu iliyobanwa chini ya skrubu ya shaba hulegea yenyewe kadiri inavyopata joto na kupoa, na utarudi kwenye ile harufu ya soketi ya mwalimu.